Brashi haichori, rangi zimebadilika, picha ina ukungu: kutatua matatizo ya programu za kuhariri picha

Wanaoanza kuhariri picha wanalalamikia mambo yale yale. Brashi haichori. Kifutio kinaacha weupe. Menyu zimefifia, hazibonyezeki. Picha ilipendeza kwenye skrini, ikachapwa giza tupu. Ukiyafuatilia malalamiko haya unakuta kwamba mara nyingi programu haijaharibika: imetii amri, ila amri imetua mahali ambapo mtumiaji hakuwa anapaangalia. Ndiyo maana hapa chini nimetumia nafasi kubwa kuonyesha pa kuangalia kuliko vitufe vya kubonyeza.

La kwanza ni la kutofanya. Usikimbilie kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Mipangilio yako hukaa kwenye folda ya mtumiaji, nje ya folda ya programu yenyewe, hivyo baada ya kusakinisha upya unaweza kukaribishwa na tatizo lile lile uliloliacha. Kama una hakika mipangilio ndiyo imevurugika, irudishe katika hali ya mwanzo. Kwenye Photoshop shikilia Ctrl, Alt na Shift mara tu unapoifungua, nayo itakuuliza kama unataka kufuta mipangilio. Kwenye GIMP kitufe cha kurejesha kipo chini ya dirisha la Preferences.

Mifano mingi inatoka GIMP na Photoshop. Krita, Photopea na Affinity Photo zina leya (matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine), uteuzi (eneo ulilolichagua) na maski (kifuniko kinachoficha au kuonyesha sehemu za leya) zile zile, kwa hiyo visababishi havitofautiani sana. Kwenye Mac, mahali pa Ctrl weka Command, na mahali pa Alt weka Option.

Na kabla hujagusa chochote: fanya majaribio yote kwenye nakala ya picha. Picha asili ikae kando, isiguswe.

Brashi inapita juu ya picha lakini haichori

Hili linaongoza kwa kuulizwa, na lina visababishi vingi kuliko dalili nyingine yoyote. Yapitie kwa mpangilio huu.

Anza na paneli ya leya. Leya iliyochaguliwa ni ipi? Picha ya leya nyingi inaonekana kwenye skrini kama kitu kimoja, lakini brashi inagusa leya moja tu, ile iliyoangaziwa kwenye paneli. Ukiwa kwenye leya ya chini iliyofunikwa na ya juu, rangi inapakwa kweli, tena vizuri, ila huioni. Angalia pia alama ya jicho pembeni ya leya: ikiwa imezimwa, leya imefichwa. Na kama kuna alama ya kufuli, leya imefungwa. Leya ya chini kabisa ya Photoshop, ile inayoitwa Background, huja na kufuli. Ibofye mara mbili na uipe jina, kufuli litaondoka. Ipo pia kufuli ya nusu, inayozuia sehemu zenye uwazi peke yake. Hiyo inachanganya zaidi kwa sababu brashi inafanya kazi palipo na rangi na kugoma palipo patupu.

Kisha tafuta uteuzi uliosahaulika. Ukishachagua eneo la picha, kazi yako yote inafungiwa ndani ya eneo hilo mpaka uliondoe. Uteuzi unaweza kuwa mdogo kama pikseli chache (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) kwenye kona ambako ulibofya bila kukusudia. Usihangaike kuutafuta kwa macho. Uondoe: Ctrl+D kwenye Photoshop, Ctrl+Shift+A kwenye GIMP. Halafu jaribu brashi tena.

Hapa ndipo wanaojifunza kwa video wanapoumia. Somo ni la Photoshop, mwanafunzi ana GIMP, na vitufe ni vile vile vyenye maana tofauti. Ctrl+D ya Photoshop inaondoa uteuzi. Ctrl+D ya GIMP inatengeneza nakala ya picha nzima, hivyo unajikuta na picha mbili na unaendelea kuhariri isiyo yenyewe. Ctrl+T ya Photoshop inabadilisha ukubwa na umbo; ya GIMP inaficha ule mstari wa vidoti unaotembea kuzunguka uteuzi. Uteuzi unabaki, mstari haupo, na brashi inagoma bila sababu unayoiona. Photoshop nayo ina mtego wake: Ctrl+H inaficha mstari huo. Kwa hiyo kutoona vidoti si ushahidi kwamba hakuna uteuzi. Ondoa uteuzi hata kama huuoni.

Cha tatu ni maski. Leya yenye maski inaonyesha vijipicha viwili kwenye paneli: kimoja cha leya, kingine cha maski. Chenye fremu kukizunguka ndicho unachokichora sasa hivi. Ukipaka nyekundu na kinachotokea ni sehemu ya picha kufifia, au rangi yako kugeuka kijivu, uko kwenye maski. Maski haijui rangi. Inajua nyeupe inayoonyesha, nyeusi inayoficha, na kijivu cha katikati. Bofya kijipicha cha leya yenyewe uendelee.

Kwa watumiaji wa GIMP kuna kisababishi cha nne, nacho ni mpaka wa leya. Leya ya GIMP ina ukubwa wake, unaoweza kuwa mdogo kuliko turubai, yaani eneo zima la picha, na mpaka wake ni mstari wa vipande vya njano na nyeusi. Nje ya mpaka huo brashi haipaki. Ukibandika nembo ndogo juu ya picha kubwa kisha ukataka kuchora pembeni yake, utapata kimya. Nenda menyu ya Layer, chagua Layer to Image Size. GIMP 3.0, iliyotoka 2025, ina chaguo kwenye zana za kuchora la kuipanua leya kadiri unavyochora.

Baada ya hayo ndipo uiangalie brashi yenyewe: opasiti (kiwango cha rangi kutopenyeza) imeshuka hadi sifuri, ukubwa ni pikseli 1, rangi ya mbele ni nyeupe na unapaka juu ya nyeupe. Kitufe cha D kinarudisha rangi kuwa nyeusi na nyeupe, X inazibadilishana nafasi, na mabano ya mraba ya kwenye kibodi yanapunguza na kuongeza ukubwa. Angalia pia modi ya mchanganyo, yaani jinsi rangi mpya inavyochanganywa na iliyo chini yake. Brashi iliyoachwa kwenye Multiply ikipaka nyeupe haibadilishi kitu, kwa sababu ndivyo hesabu ya Multiply ilivyo.

Mwisho kabisa, kama kila unapopaka panajitokeza wekundu mwepesi unaopenya, umeingia kwenye maski ya haraka (Quick Mask), ambako brashi inachora uteuzi badala ya rangi. Bonyeza Q kwenye Photoshop, Shift+Q kwenye GIMP, utoke.

Dalili ndogo inayofanana na hii: duara la brashi limetoweka na badala yake kuna alama ya jumlisha. Kwenye Photoshop hiyo ni Caps Lock. Izime.

Nafuta mandharinyuma, inabaki nyeupe (au nyeusi)

Kwanza tofautisha: weupe unauona ukiwa ndani ya programu, au baada ya kutoa faili (export)?

Ukiuona ndani ya programu, leya haina uwezo wa kuwa wazi. Picha ya JPEG inapofunguliwa kwenye GIMP huja bila chaneli ya alfa, ile inayobeba taarifa ya uwazi. Kifutio hapo hakina cha kutoboa, kwa hiyo kinapaka rangi ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni nyeupe. Kwenye menyu ya Layer ingia Transparency, chagua Add Alpha Channel. Ukifuta sasa utaona viraba vya kijivu, alama ya kwamba hapo hapana kitu. Kwenye Photoshop tatizo ni lile lile la leya ya Background; ifungue kufuli.

Ukiona viraba vizuri ndani ya programu lakini faili ulilolitoa lina weupe, umetumia JPEG. JPEG haibebi uwazi, na hakuna mpangilio utakaoilazimisha. Tumia PNG au WebP. Ukiwa na PNG halisi na bado sehemu wazi inaonekana nyeusi, kosa huenda ni la programu inayoonyesha picha: baadhi huweka weusi nyuma ya uwazi. Ifungue kwenye kivinjari cha intaneti uhakikishe kabla hujarudia kazi.

Kuna na kituko cha picha zilizopakuliwa zikiwa na viraba vya kijivu vilivyochorwa humo humo. Hizo hazina uwazi wowote. Vile viraba ni sehemu ya picha, na utalazimika kuvikata kama mandharinyuma nyingine yoyote. Ipeleke picha juu ya leya ya rangi kali, tuseme bluu. Viraba vikibaki, umedanganywa.

Ukishakata mtu na kumweka kwenye mandhari mpya, halafu ukaona mstari mwembamba mweupe unamzunguka, uteuzi ulichukua pikseli za ukingoni zilizochanganyika na mandhari ya zamani. Upunguze uteuzi kwa pikseli 1 au 2 kabla ya kukata, kisha ulainishe ukingo kidogo. Nywele haziponi kwa njia hiyo. Zinataka maski na brashi laini, na subira. Kwa maoni yangu, anayeanza asijifunzie kukata picha kwa mtu mwenye nywele zilizotimka. Aanze na kikombe.

Menyu na vichujio vimefifia

Hapa sababu kuu ni modi ya rangi. Faili la GIF, na baadhi ya PNG, hufunguka katika modi ya Indexed, yenye rangi zisizozidi 256. Vichujio (filters) vingi havifanyi kazi humo, na rangi unayoichagua inaweza kugeuzwa kuwa ile iliyo karibu nayo kwenye orodha. Nenda Image, kisha Mode, chagua RGB, modi ya kawaida ya skrini inayochanganya nyekundu, kijani na bluu. Dakika haiishi, menyu zote zimerudi.

Photoshop inafifisha vichujio kadhaa pia ukiwa kwenye CMYK (modi ya wino wa uchapaji), na vingi zaidi ukiwa kwenye biti 32 kwa chaneli. Kama huna sababu ya kuwa huko, rudi RGB ya biti 8 au 16.

Kama modi iko sawa, angalia kama hujaacha jambo katikati: unaandika maandishi ambayo hujayathibitisha, au umeanza kubadilisha ukubwa na hujabonyeza Enter wala Esc. Programu inakungoja wewe. Kwenye GIMP za kabla ya 3.0, kitu ulichobandika huelea kwanza, nacho huzuia mengine mpaka ukigeuze leya mpya au ukitie nanga kwenye leya ya chini.

Paneli zote zimepotea

Umebonyeza Tab. Bonyeza tena. Hii inafaa kwa Photoshop na GIMP.

Isipotosha, kwenye Photoshop bonyeza F mara moja au mbili, huenda uliingia kwenye skrini nzima. Kisha Window, Workspace, na uchague kurejesha eneo la kazi. Kwenye GIMP ingia menyu ya Windows, tafuta Recently Closed Docks, paneli uliyoifunga itakuwa humo.

Picha imekuwa na ukungu, au inaonyesha vijiraba

Kabla ya lolote, itazame kwa asilimia 100. Kila programu inaonyesha kiwango cha ukuzaji mahali fulani chini ya dirisha au juu yake. Kwa asilimia 33 au 67 programu inabana pikseli ili zienee, na picha isiyo na kasoro inaweza kuonekana imechakaa. Kwa asilimia 400 unaona pikseli zenyewe, ambazo ni viraba kwa asili yake. Hukumu picha kwa asilimia 100.

Kama bado ni mbaya, kisababishi cha kawaida ni picha ndogo iliyokuzwa. Picha ya pikseli 400 kwa upana ina pikseli 400 za taarifa. Ukiifanya 2000 programu inabuni zilizobaki kwa kukadiria kutoka kwa majirani, na kukadiria ndiko kunakoleta ukungu. Zana za kukuza kwa akili bandia zinabuni vizuri zaidi, lakini bado zinabuni: kope za mtu zinaweza kuwa si zake. Tiba halisi ni kutafuta faili asili. Liulize kwa mwenye kamera, si kwa aliyetumiwa kwenye simu, kwa sababu programu za kutumiana ujumbe hubana na kupunguza picha zinapopita. Mtu akikutumia, aitume kama waraka, isitumwe kama picha.

Kisababishi kinachofuata ni JPEG iliyohifadhiwa mara nyingi. Kila unapoihariri na kuihifadhi upya, sehemu ya taarifa inatupwa. Mara moja huoni kitu. Baada ya kurudiarudia unaanza kuona vumbi linalozunguka maandishi na mistari mikali, na hakuna kichujio cha kulirudisha lilikotoka. Fanyia kazi kwenye faili la programu, XCF kwa GIMP au PSD kwa Photoshop, na utoe JPEG mara moja mwishoni. Kuifungua tu JPEG na kuitazama hakuiharibu. Watu huogopa hilo bure.

Sasa habari ya 72 na 300. Wanaoanza wanaambiwa picha lazima iwe 300, wanaingia kwenye dirisha la ukubwa, wanabadilisha 72 kuwa 300, na aidha hakuna kilichotokea au picha imekuwa kubwa ghafla na yenye ukungu. Namba hiyo inasema pikseli ngapi zikae kwenye inchi moja ya karatasi. Kwenye skrini haina kazi. Kilicho muhimu ni pikseli zenyewe: picha yenye upana wa pikseli 3000 ikichapwa kwa 300 inatoa inchi 10, yaani sentimita 25.4, iwe faili limeandikwa 72 au 300. Ukurasa kamili wa A4 kwa 300 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Kama picha yako ina 800 kwa 1130, kubadilisha hiyo namba ni kujidanganya. Bango kubwa linalotazamwa kwa mbali linaweza kuridhika na namba ndogo zaidi. Mwulize mchapaji anataka ngapi, kwa kuwa yeye anaijua mashine yake.

Picha iliyovutwa, mtu akawa mnene au mwembamba kupita kawaida, si ukungu lakini huletwa pamoja nao. Kiungo cha mnyororo kati ya upana na urefu kilikatika. Kirudishe. Kwenye Photoshop, tangu toleo la CC 2019, kuvuta kona ya picha hulinda uwiano bila kushika Shift, na kushika Shift ndiko kunakouvunja. Masomo ya zamani yanafundisha kinyume.

Rangi zimebadilika baada ya kutoa faili au kuchapa

Skrini kwanza. Je, umewasha ile taa ya usiku inayotia skrini rangi ya machungwa? Mwangaza umepandishwa hadi mwisho? Anayehariri usiku kwenye skrini inayong'aa sana huifanya picha kuwa nyeusi bila kujua, kisha ikichapwa anailaumu printa. Shusha mwangaza, zima taa ya usiku, tazama picha hiyo kwenye kifaa kingine.

Kama skrini haina kosa, ni profaili ya rangi. Namba za rangi ndani ya faili hazina maana kamili mpaka ijulikane ni za mfumo upi. sRGB ndiyo lugha ya kawaida ya mtandao. Adobe RGB ni pana zaidi, na picha iliyo humo ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili huonekana imepauka. Picha inayokwenda mtandaoni ibadilishe kuwa sRGB kabla ya kuitoa, na uache profaili iambatane na faili.

Angalizo: zipo amri mbili zinazofanana, Assign Profile na Convert to Profile. Convert inabadilisha namba ili rangi ibaki jinsi ulivyoiona. Assign inaacha namba na kubadilisha maana yake, kwa hiyo rangi inaruka mbele ya macho yako. Unayoitaka karibu kila mara ni Convert.

Kwenye uchapaji, bluu kali na kijani kinachong'aa hufifia kwa sababu wino hauwezi kuzitoa. Hilo halirekebishwi, linapangiwa. Photoshop na GIMP zote zinaweza kukuonyesha kwenye skrini mfano wa jinsi karatasi itakavyokuwa, mradi uwe na profaili ya printa husika.

Simama hapa kama kazi ni ya kuchapwa kwa wingi. Usibahatishe kubadilisha kuwa CMYK kwa profaili uliyoiokota. Mpigie mchapaji, mwombe profaili yake au umwachie abadilishe mwenyewe, na udai nakala moja ya majaribio kabla mashine haijaanza kutoa elfu.

Nimehifadhi, lakini leya hazipo (au sioni JPEG kwenye orodha)

Tangu GIMP 2.8 ya mwaka 2012, kuhifadhi na kutoa ni amri mbili. Save inaandika XCF peke yake. JPEG na PNG ziko kwenye Export As. Kwa hiyo ukilalamika kwamba GIMP inakataa kuhifadhi JPEG, umebisha mlango usio wake. Photoshop nayo, kuanzia matoleo ya 2021, huiondoa JPEG kwenye Save As picha ikiwa na leya. Ipo kwenye Save a Copy.

Kama ulichonacho ni JPEG tu na ulishafunga programu, leya zimekwenda. JPEG ni bapa. Historia ya kutengua nayo hufa faili linapofungwa. Kabla ya kukata tamaa tafuta kwenye kompyuta nzima mafaili yenye mwisho .xcf, .psd au .kra; wengi huhifadhi bila kuangalia folda. Kama programu ilizimika yenyewe, ifungue tena utulie: Photoshop kwa kawaida huandika faili la uokoaji kila dakika 10, na GIMP tangu 2.10 hujaribu kuokoa kazi inapoanguka. Kubali kurejeshewa, kisha hifadhi kwa jina jipya.

Programu inajikokota, inaganda au inajifunga

Fanya hesabu kwanza. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Kila pikseli yenye chaneli nne za biti 8 ni baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa inakula karibu MB 96 za kumbukumbu. Leya kumi ni MB 960, na kwa biti 16 zidisha mara mbili. Ongeza historia ya kutengua, ongeza kivinjari chenye tabu chungu nzima. Faili la diski linaweza kuwa la MB 8 tu na bado likaichosha kompyuta. Ukubwa wa JPEG kwenye diski haukuambii kitu kuhusu kumbukumbu.

Kwa hiyo funga programu nyingine, unganisha leya ulizomaliza nazo (ukiwa na nakala), na kama picha ni ya mtandaoni ipunguze ukubwa mwanzoni badala ya mwishoni.

Ujumbe wa Photoshop kwamba diski za muda zimejaa haumaanishi picha yako ni mbovu. Kumbukumbu ikizidiwa, programu huazima nafasi kwenye diski. Diski nayo ikijaa, basi. Safisha diski, au kwenye mipangilio uhamishie kazi hiyo kwenye diski nyingine ya haraka. Usitumie kijiti cha USB.

Ikiganda kila unapofanya jambo moja mahususi, zima matumizi ya kadi ya michoro kwenye mipangilio ya programu ujaribu. Ikipona, draiva ya kadi (programu ndogo inayoiendesha) ndiyo ya kusasishwa. Ikiganda wakati wa kufunguka, mara nyingi inapofika kwenye fonti au plagini (programu ndogo za nyongeza), ondoa zile ulizoziongeza karibuni. Ni rahisi kusakinisha fonti elfu moja kwa siku moja na kutumia tatu.

Kalamu ya tableti isiyotambua mkandamizo ni suala la draiva pia. Kwenye GIMP nenda Edit, kisha Input Devices, hakikisha modi ya kalamu ni Screen.

Kuna hali ambazo si za kuhariri tena, na hapo simama:

- Kompyuta nzima inazimika ghafla unapoendesha kichujio kizito, au feni inavuma na kasha linachoma. Ni joto au umeme. Fundi aifungue na kuisafisha.
- Betri ya kompyuta ya mkononi imevimba, sehemu ya kugusa imeinuka. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi.
- Programu ni ya wizi, iliyovunjwa kufuli la leseni, na uliambiwa uzime kingavirusi ili uisakinishe. Kama mafaili yanaanza kubadilika majina yenyewe, kata mtandao mara moja na umwite mtaalamu. Hakuna mpangilio wa Photoshop utakaoponya hilo. GIMP na Krita ni bure kihalali. Sababu ya kujitia kwenye hatari hiyo siioni.

Faili halifunguki

Angalia mwisho wa jina. Simu za iPhone tangu iOS 11 ya 2017 huweza kuhifadhi picha kama HEIC, ambayo programu za zamani haziisomi. Ibadilishe kuwa JPEG kwenye simu yenyewe, au sasisha programu. Picha ghafi (RAW) za kamera haziingii GIMP moja kwa moja. Zinapitia darktable au RawTherapee, zote za bure. Na kubadilisha .heic kuwa .jpg kwa kuandika upya jina hakubadilishi kilichomo.

Kama mwisho wa jina ni sahihi, nakili faili upya kutoka lilikotoka. Uhamishaji uliokatika katikati huacha faili lenye jina zima na tumbo nusu. Picha inayoonekana juu nzuri na chini kijivu tupu ni dalili hiyo hasa.

Mafaili mengi ya kadi moja ya kumbukumbu yakigoma kwa pamoja, au kompyuta ikisema kadi inahitaji kufomatiwa, usikubali. Bonyeza hapana, itoe kadi, usipige picha nyingine juu yake. Picha zilizofutwa hubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pake, na kila jaribio la kurekebisha linaweza kuwa ndicho hicho kitu kingine. Kwa picha zisizo na uzito unaweza kujaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, ukihifadhi zinazopatikana kwenye diski tofauti. Kwa picha za harusi ya mtu au marehemu zisizo na nakala, au diski inayotoa mlio wa kugonga, usijaribu hata hiyo. Izime na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data, umweleze mambo matatu: nini kilitokea mwisho kabla ya hitilafu, umeshajaribu nini tangu hapo, na ni picha zipi unazozitaka kwanza.